Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuandika riwaya

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana kwenye chumba cha nyuma cha stesheneri moja karibu na stendi ya Moshi na kusomeana kurasa tulizoandika. Wageni hawakosekani, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Nimechapisha riwaya mbili, na ya tatu ilinifia mikononi. Mengi niliyoandika hapa nimejifunza kwa hiyo ya tatu.

## Kabla ya kuanza

Riwaya iwe na urefu gani?

Hakuna kipimo cha lazima. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kitabu chembamba, unaweza kukimaliza kabla basi la kutoka Moshi halijafika Dar es Salaam. Riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka inafuata ukoo kizazi baada ya kizazi. Zote mbili ni riwaya.

Kwa anayeanza, nashauri maneno 50,000 hadi 60,000. Yanatosha kubeba familia moja na tatizo moja kubwa, na hayatakumaliza pumzi.

Lazima niwe nimesomea fasihi?

Hapana. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mwandishi wa habari. Kinachotakiwa ni kusoma, na hapo sina huruma: anayeniambia anataka kuandika riwaya ya Kiswahili huku hajasoma riwaya tano za Kiswahili tangu amalize shule, namwelekeza maktaba kwanza. Asome mara ya pili kile kitabu kilichomgusa, safari hii akiwa na penseli, akitafuta mwandishi alimficha wapi yule mhusika aliyekuja kutushtua mwishoni.

Nianze na wazo, na mhusika, au na kisa?

Anza na mtu anayetaka kitu na hakipati. “Mmomonyoko wa maadili” ni mada ya mdahalo wa sekondari. Sasa mfikirie mzee wa Kibosho mwenye watoto wanne na kihamba, yaani shamba la ukoo, kinachomtosha mmoja. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume na kitinda mimba ndio wenye nafasi kubwa ya kurithi. Binti yake, aliyemuuguza miaka sita, anasimama mbele ya kikao cha ukoo na kuomba sehemu yake. Hapo una riwaya tayari. Maadili, sheria, mapenzi na pesa vitaingia vyenyewe kupitia mlango wa huyo binti.

Nipange sura zote kwanza, au niandike tu?

Waandishi wamegawanyika, na pande zote mbili zimetoa vitabu vizuri. Wengine hawaandiki sentensi kabla hawajaijua sura ya mwisho. Wengine huingia na mhusika mmoja tu mkononi na kumfuata anakokwenda.

Riwaya yangu iliyokufa niliipanga sura 34 kwenye manila iliyobandikwa ukutani. Kila mhusika alijua zamu yake, akaingia, akasema alichopangiwa, akatoka. Nilipofika sura ya 19 nilikuwa naandika kama mtu anayejaza fomu. Siku hizi najua mambo matatu tu kabla ya kuanza: hadithi inafunguka kwenye tukio gani, kitu gani kitabadilika katikati kiasi kwamba hakuna kurudi nyuma, na mhusika wangu atakuwa amesimama wapi mwishoni. Yaliyobaki nayatafuta njiani.

Riwaya ya upelelezi ni tofauti. Lazima ujue mapema nani muuaji, la sivyo huwezi kupanda dalili wala kumpoteza msomaji kwa haki.

## Kazi ya kila siku

Nina kazi na watoto. Muda nitautoa wapi?

Karibu wote tuko hivyo. Toni Morrison aliandika alfajiri kabla watoto wake hawajaamka, huku akifanya kazi ya uhariri mchana. Mwingereza Anthony Trollope alikuwa mfanyakazi wa posta. Aliweka saa mezani na kujitaka maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini.

Usijilinganishe na Trollope. Piga hesabu ndogo: maneno 300 kwa siku ni ukurasa mmoja tu wa daftari ulioandikwa vizuri. Siku tano kwa wiki, wiki arobaini, unapata 60,000. Wiki kumi na mbili zinabaki kwa ajili ya misiba, mitihani ya watoto na Desemba, ambayo huku Kilimanjaro hakuna anayeandika kwa sababu nyumba imejaa wageni kutoka Dar. Mwenzetu mmoja ni muuguzi wa zamu za usiku. Huandika dakika arobaini akitoka kazini, kabla hajalala, kwa sababu akilala kwanza anaamkia kwenye shughuli za nyumbani. Amemaliza rasimu kwa mtindo huo.

Niandike kwenye daftari, kompyuta au simu?

Popote mkono wako unapokwenda bila woga. Rasimu ya kwanza mimi huiandika kwenye kaunta buku kwa sababu mwandiko wangu unanizuia kurudi nyuma kurekebisha kila sentensi. Vijana wengi kwenye kikundi wanaandika kwenye simu, na kurasa zao si mbaya kuliko zetu. Mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni.

La msingi zaidi ni nakala. Chinua Achebe alituma muswada pekee wa riwaya yake ya kwanza, ulioandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya kupiga taipu London. Ukakaa kimya miezi mingi hadi mtu aliyemfahamu alipoenda kuuliza ana kwa ana. Angeupoteza kabisa. Mimi niliibiwa simu stendi ikiwa na sura nne ambazo hazikuwa popote pengine. Niliziandika upya, lakini sura ya mazishi haikurudi kama ilivyokuwa, na hadi leo naikumbuka vipande vipande. Kila Ijumaa jitumie kazi yako kwa barua pepe, na mara moja kwa mwezi iprinti.

Nimefika katikati, nimekwama. Nifanyeje?

Kwanza jiulize umekwama wapi hasa. Nimeona sababu tatu kwa wenzangu na kwangu mwenyewe. Ya kwanza, mhusika alishapata alichotaka na wewe hukugundua, kwa hiyo hana sababu ya kuamka asubuhi. Ya pili, kosa liko nyuma. Sura ya 12 imegoma kwa sababu sura ya 9 ilimlazimisha mhusika kufanya jambo asiloweza kulifanya. Rudi huko, usilazimishe mbele. Ya tatu ni uchovu, na dawa yake ni siku nne bila kugusa daftari.

Ukishindwa kujua ni ipi, andika tukio la mbele unalolitamani, hata kama ni la sura ya mwisho. Mara nyingi linakuonyesha njia ya kulifikia.

## Lugha na watu ndani ya riwaya

Wahusika wangu ni Wachagga. Wazungumze Kichagga?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolipenda zaidi.

Kumbuka kwanza kwamba Kichagga si kimoja. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikaa pamoja mara nyingi huangukia Kiswahili. Kwa hiyo ukiandika “alisema kwa Kichagga” hujasema kitu kwa msomaji wa Moshi. Atakuuliza, cha wapi?

Pili, msomaji wako wa Mtwara au Mombasa asiachwe nje. Mimi naandika mazungumzo kwa Kiswahili na kuacha maneno yale tu ambayo Kiswahili hakina kitu sawa nayo: kihamba, mbege, mfongo, isale. Sitafsiri kwenye mabano. Nikimwonyesha mtu amebeba jani la isale, anapiga hodi kwa jirani aliyemkosea, na jirani analitazama lile jani kabla ya kutazama uso wa mgeni, msomaji atajua kwamba jani hilo limekuja kuomba msamaha. “Aika” ya kushukuru mwishoni mwa maongezi inajieleza pia.

Tatu, sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyosemwa huku. Chalii wa Ngarenaro mjini Arusha hasemi kama meku, yaani mzee, wa Uru, na binti aliyesoma Dar akirudi likizo haongei na mama yake kama anavyoongea na rafiki zake kwenye simu. Neno moja linaweza kubeba karne nzima. Leo ukisema “nimenunua kwa Mangi” unamaanisha muuza duka wa mtaani. Mwaka 1899, Old Moshi, Mangi alikuwa mtawala. Mwandishi anayelijua hilo ana riwaya mbili ndani ya neno moja.

Mazungumzo yangu yanasikika kama hotuba. Nirekebisheje?

Wahusika wako pengine wanajibu kila wanachoulizwa, na kwa sentensi kamili. Watu hawazungumzi hivyo. Wanakwepa, wanauliza jambo jingine, wanakaa kimya. Sisi Waswahili tuna salamu, ambayo ni silaha kubwa ya mwandishi. Huu ni mfano uliosomwa kwenye kikundi chetu, nautumia kwa ruhusa:

“Shikamoo, mama.”

Mama mkwe aliendelea kupepeta ulezi.

“Shikamoo, mama.”

“Umekuja na Noah ya saa ngapi?”

Hakuna “marahaba”. Chumba kizima kilinyamaza mwandishi wake aliposoma hapo. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na nusu ukurasa wa kueleza jinsi mama mkwe alivyomchukia yule binti, na yote ikafutwa.

Nionyesheje huzuni bila kuandika “alihuzunika”?

Mpe mhusika kitu cha kufanya kwa mikono. Nimetoa mfano huu kwenye daftari langu. Rasimu ya kwanza ilisema:

“Mama Eliya alihuzunika sana aliposikia kwamba mwanawe hatakuja Krismasi. Moyo wake ulijaa simanzi isiyo na kifani.”

Rasimu ya nne ilisema:

“Mama Eliya aliisoma meseji mara mbili, akaiweka simu kifudifudi mezani. Ndizi za mtori alishazimenya za watu sita. Alizihesabu kwenye maji, akatoa nne, akaziweka pembeni kwenye sinia. Kisha akazirudisha.”

Ilinichukua wiki tatu kufika kwenye “kisha akazirudisha”. Kabla ya hapo alikuwa analia, halafu akawa anazitupa, halafu anampa jirani. Siku moja nilikuwa namenya ndizi mwenyewe, nikaona kwamba mama hawezi kupunguza chakula cha mwanawe, hata kama anajua haji.

Nisimulie kwa “mimi” au kwa “yeye”?

Andika ukurasa mmoja kwa nafsi ya kwanza, kisha huohuo kwa nafsi ya tatu, usome zote mbili kwa sauti. “Mimi” inakupa ukaribu lakini inakufungia: msimulizi hawezi kujua kinachoendelea chumba cha pili. Ukichagua, usibadilishe katikati bila sababu.

Mlima lazima utokee?

Haulazimiki. Kilimanjaro ina mita 5,895, lakini watu wanaoishi chini yake siku nyingi hawauoni kwa mawingu, na wala hawauzungumzii. Ukiandika kuhusu Pasua au Majengo, vumbi, sauti ya mashine ya kusaga na konda anayeita abiria vinatosha. Mlima uje siku mhusika anapokuwa na sababu ya kuutazama.

## Historia na watu wa kweli

Nataka kuandika riwaya ya zama za Mangi Meli. Nina uhuru kiasi gani?

Una uhuru wa kubuni yale ambayo hayakuandikwa, si wa kuvuruga yanayojulikana. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Tarehe hiyo huwezi kuisogeza, kwa sababu wajukuu wa waliokuwepo bado wako hapo na bado wanadai fuvu lake lirudishwe. Lakini mwanamke aliyekuwa anachota maji kwenye mfongo asubuhi ile, alifikiri nini, alimwambia nini mwanawe, hayo ni mali yako.

Vitu vidogo ndivyo vinavyomuumbua mwandishi. Mwaka 1905 mhusika wako analipa kwa rupia, si shilingi. Hawezi kupanda treni Moshi kabla ya 1911, reli ya kutoka Tanga ilipofika. Hawezi kuuza kahawa kwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1928, kwa sababu chama hicho kilianza 1933. Kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima cha KNPA, cha 1925. Na wapo wazee hapa mjini watakaokugundua ukurasa wa tatu.

Ndugu zangu watajitambua. Nifanye nini?

Watajitambua hata usipowaandika. Shangazi yangu aliamini ndiye yule mlevi wa riwaya yangu ya kwanza, ambaye nilimtoa kwa mwalimu mmoja wa utotoni. Nilienda kwake, tukakaa, nikamsomea sura nzima. Akacheka kwenye ile sehemu ya kengele, tukaishia hapo.

Ninachofanya ni kuchanganya: tabia ya mmoja, kazi ya mwingine, mwendo wa wa tatu, kijiji cha wa nne. Kuna siri moja ya familia yetu ambayo ingekuwa riwaya kubwa, na sitaiandika mpaka mwenyewe atakapofariki au kuniruhusu. Hayo ni maamuzi yangu. Kuna waandishi ninaowaheshimu walioamua vingine.

## Kurekebisha

Niandike rasimu ngapi?

Mpaka usomapo kwa sauti na ulimi usijikwae. Kwangu huwa nne au tano. Rasimu ya kwanza ninajisimulia mwenyewe ili nijue kilichotokea. Ya pili napanga upya matukio, mara nyingi sura ya tatu inakuwa ya kwanza. Ya tatu nawasikiliza wahusika. Ya nne ni ya sentensi: nafuta “sana”, nafuta “kwa hakika”, nafuta methali niliyoiweka kwa sababu tu naijua. Methali ni tamu kinywani mwa mhusika anayeitumia kumnyamazisha mwenzake. Ikitoka kwa msimulizi kila aya, inachosha.

Iache mwezi mzima kati ya rasimu na rasimu. Ndipo utaiona kama ameiandika mtu mwingine.

Nimpe nani asome kwanza?

Usimpe anayekupenda kupita kiasi, wala anayetaka uache. Mtafute msomaji wa riwaya, umuulize maswali mawili tu: ulichoka wapi, na wapi hukuamini? Akikwambia namna ya kurekebisha, msikilize kwa adabu, kisha tafuta dawa yako. Wasomaji huwa sahihi kuhusu mahali panapouma, na mara chache kuhusu tiba.

Naweza kutumia akili mnemba kuniandikia?

Kusahihisha herufi, sina neno. Kuandika sura, hapana, na si kwa sababu ya sheria. Ile “kisha akazirudisha” (tazama swali la huzuni hapo juu) niliipata kwa kumenya ndizi na kukosea wiki tatu. Ukimpa mwingine kukosea kwako, umempa na ugunduzi.

## Kuchapisha na yanayofuata

Muswada wangu unaweza kuibiwa?

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Unaweza pia kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na inasaidia kukitokea ubishi. Namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hatari kubwa kuliko wizi ni mkataba usioeleweka. Usisaini kabla hujajua mrabaha ni asilimia ngapi, unahesabiwa kwa bei gani, unalipwa lini, na haki zinarudi kwako baada ya muda gani.

Nimepeleka kwa mchapishaji, mwaka umepita, kimya. Nikate tamaa?

Andika barua fupi ya kuulizia, subiri miezi miwili, kisha peleka kwingine. Mchapishaji mmoja alikaa na muswada wangu miaka miwili na nusu, na nilipoenda mwenyewe niliukuta kwenye boksi haujafunguliwa. Niliumia. Angalia pia mashindano: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili.

Nimestaafu. Nimechelewa?

Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980. Alifariki 1981. Naisoma historia hiyo kwa uchungu na kwa heshima, na kila mstaafu anayeingia kwenye chumba chetu namhadithia. Yeye hakuwa na simu wala stesheneri jirani.

Je, kama riwaya itawaudhi watu?

*Rosa Mistika* ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikazuiwa shuleni, na baadaye shule hizohizo zikaifundisha. Jiulize tu kama tukio linaloudhi linabeba ukweli wa mhusika. Likibeba, liache.

Bibi yangu anajua mambo mengi, ni mzee sana, na mimi sijui kuandika bado. Nianzie wapi?

Nenda wiki hii. Kuandika utajifunza baadaye. Usimwambie “nisimulie historia”, atakupa orodha ya majina. Muulize mfongo ulipita wapi kabla haujakauka. Alivaa nini siku ya kwanza kwenda sokoni Kiboriloni. Nani aliyekuwa haongei na nani, na kwa nini. Washa kinasa sauti cha simu, uiweke mbali kidogo asiione kila mara, na mwache azungumze Kichagga chake. Akinyamaza, usimjazie. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo. Mara nyingi anapoanza tena, ndipo anaposema lile alilokuwa hajamwambia mtu.

Ukirudi nyumbani, andika jioni hiyohiyo mikono yake ilikuwa inafanya nini.